Jina la Tisa

Septemba 4

Sindano wangu,

Nimefika salama. Najua uliniambia nikishashuka tu nipige simu, lakini nikisikia sauti yako nitalia, na nimechoka kulia mbele ya watu wenye mizigo. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, usicheke.

Nianze na ukumbi. Zamani ulikuwa ghala la saruji. Ukidundisha mpira kwa nguvu, vumbi bado linatoka kwenye nyufa za ukuta na watu wanapiga chafya. Sakafu ya mbao ni mpya, ila kona ya kushoto mafundi walikosea. Mpira ukidunda pale haurudi juu, unalala tu. Ubao wa matokeo una taa moja iliyokufa kwenye kila tarakimu, kwa hiyo nane inasomeka kama sita. Mwenzetu mmoja amesema wageni wakitufunga themanini na nane, sisi tutahesabu sitini na sita.

Huyo mwenye utani ni Nesi. Asubuhi anafanya kazi wodini, jioni anacheza nafasi yangu, chini ya kikapu. Ana mabega mapana na moyo mzuri, ila kusimama hajui. Anaruka kila anapoona mpira, kama anafukuza nzi. Mwingine utakayemsikia sana ni Pilipili, ana miaka kumi na tisa, ndiye anayegawa mipira kama wewe. Anakimbia kwanza, anafikiri akishafika. Jumla tuko kumi na mmoja: watano tulioachwa na timu zetu, na sita ambao hawajawahi kucheza ligi. Gazeti limeshatuita Timu ya Mabaki, na hata mechi ya kwanza bado.

Kocha wetu alifundisha jiografia miaka ishirini, tunamwita Mwalimu. Anachora mashambulizi ubaoni kama mito, yana vyanzo na matawi. Sijaelewa hata moja, ila ramani ni nzuri.

Sindano, nitasema hili mara moja kisha nitanyamaza. Miaka kumi na moja niliyocheza pale. Ligi ilipoziambia timu ziandike majina manane ya kubaki, na wengine wachukuliwe na hii timu mpya, sikufikiria hata kidogo kwamba nitakosa. Kocha alisoma majina manane, akakunja karatasi. Mimi nikabaki nimesimama, nasubiri aikunjue tena. Mpaka leo sijui nilikosa nini.

Goti limetulia, kabla hujauliza. Ni wewe tu unayejua habari zake, na najua mdomo wako una kufuli.

Msalimie sana Mama. Mwambie kile chumba changu cha juu asimpe mtu anayekoroma.

Wako,
Mnara


Septemba 15

Mnara,

Hii ni barua ya tatu. Mbili nimezichana.

Nimecheka kuhusu Nesi na nzi. Mama amesomewa barua yako mara mbili, na chumba cha juu amekifunga, ufunguo anatembea nao. Anasema hampangishi mtu mpaka wewe utakapomwambia mwenyewe kwamba hurudi.

Huku mazoezi ni yale yale. Yule mdogo anayecheza nafasi yako sasa amepewa kabati lako la nguo. Jana alitundika kioo kidogo mlangoni, akaniuliza kama namchukia. Nikamwambia simchukii, mikono yangu tu haijamzoea. Nikipiga pasi bado naitupa juu kwa ajili ya mtu mrefu, inampita kichwani.

Kuhusu ulichouliza, kwa nini hukusomwa, mimi naona usijisumbue nacho. Kocha ana hesabu zake. Wewe angalia mbele.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mkipata daktari wa timu, mwonyeshe goti. Usisubiri wakuulize. Nakuomba kama dada.

Sindano


Oktoba 2

Sindano,

Mechi nne, tumefungwa nne. Ya kwanza kwa pointi thelathini na moja. Ya pili ishirini na sita. Ya tatu tulipunguza mpaka kumi na nne, tukajiona wakubwa. Ya nne tukarudi kwenye ishirini na tisa. Watu wanaondoka robo ya tatu, wanatoka kwa kunyata kama walioko msibani.

Ila nataka ujue kwamba hapa hakuna aliyekata tamaa. Baada ya ile ya nne tulidhani Mwalimu atatutukana. Akavua miwani, akaifuta na shati, akasema, “Mnajua tumefungwaje? Wao kila mtu anajua jirani yake yuko wapi. Sisi tuna watu kumi na mmoja wanaokaa nyumba kumi na moja. Kesho saa kumi na mbili asubuhi.” Ni hayo tu. Kesho yake tulikuwa wote mlangoni kabla yake. Nesi alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, bado amevaa viatu vya wodini.

Sasa nikupe la huyu Pilipili. Anataka kuniua. Pasi zake zinapita mbele yangu, zinatoka nje, na watazamaji wananizomea mimi. Juzi nikamvuta pembeni.

“Mpira usubiri mtu afike,” nikamwambia.

“Dada, nilikupigia pale pale ulipoonyesha kwa mkono.”

“Uliwahi.”

“Sikuwahi,” akasema. “Wewe umechelewa.”

Nesi aliacha kufunga kamba za kiatu, akabaki ameinama hivyo hivyo. Sindano, mimi nilikuwa nacheza ligi huyu akiwa bado ananyonya kidole! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakulia, alinitazama tu, akaenda kuokota mpira wake. Nambie wewe, ungemfanyaje?

Goti halina neno. Naliwekea barafu tu baada ya mechi, kama kila mtu.

Daktari tumeambiwa anakuja mwezi huu. Nitamwona akiwa na nafasi.

Mnara


Oktoba 11

Mnara,

Umeniuliza ningemfanyaje. Ningemshukuru.

Usikunje uso, nisikilize. Nimekupigia pasi miaka kumi na moja. Msimu uliopita nilianza kusubiri kidogo, nusu ya pumzi, ndipo niachie mpira. Hukuona. Hakuna aliyeona. Nilikuwa nakusubiri ufike. Yule binti hajui kwamba unasubiriwa, yeye anapiga mpira mahali unapotakiwa kuwa.

Nimesema. Sasa utakuwa na hasira nami, na hasira yenyewe bado haijafika mahali pake. Kuna jambo nataka nikuambie uso kwa uso. Novemba tunakuja huko kucheza. Nipe dakika kumi baada ya mechi, sisi wawili tu.

Barafu mara ngapi kwa siku?

Sindano


Oktoba 24

Kwa Nahodha,

Jambo lako halina haja ya kungoja Novemba.

Daktari amekuja. Ni mama mmoja mpole, ana faili la kila mmoja wetu, kwa sababu timu za zamani zilitakiwa kutuma taarifa za afya. Nikakaa kitini nikiwa nimejiandaa kumdanganya. Akafungua faili langu, akasoma kwa sauti, bila ubaya wowote: “Goti la kulia. Maji, maumivu ya muda mrefu, mchezaji anameza dawa kabla ya mechi na hasemi. Taarifa imetoka kwa nahodha wa timu.”

Alidhani najua. Aliniuliza kama nahitaji maji ya kunywa.

Tumefungwa mechi saba. Usiandike tena.

Mnara


Oktoba 29

Mnara,

Naandika.

Kocha aliniita ofisini siku tatu kabla ya orodha. Majina saba alikuwa nayo tayari. Akaniuliza la nane liwe lako au la yule mdogo. Nikasema lako. Nakuapia kwa uhai wa Mama, nilisema lako, tena nilisema haraka. Akaniuliza, “Mwili wake uko sawa?” Nilichotakiwa kufanya pale ni kusema ndiyo. Neno moja. Nikanyamaza, na ukimnyamazia Kocha umeshamjibu. Basi nikamwambia yote. Akachukua kalamu, akaandika jina la yule mdogo kwenye mstari wa nane, lako akaliandika chini yake, kisha akachora mstari katikati. Ulikuwa jina la tisa.

Sikuwa na nia ya kukuondoa. Nilidhani atakupumzisha. Nilidhani watakutibu. Nilichodhani hakijalishi tena.

Kisha nikakaa kimya. Nilikusaidia kufunga mizigo. Nilikukunjia mashati. Nilikushikia sanduku mpaka kituoni na ukanikumbatia ukaniambia kwamba mimi ndiye mtu pekee ambaye hakukuacha. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi, nikashindwa kupanda.

Nitukane. Ila goti litibiwe.

Sindano


Novemba 8

Mnara,

Simu hupokei. Barua hujibu. Tunakuja tarehe kumi na tano. Nitakuwa kwenye mlango wa pembeni, ule wa wachezaji, baada ya mechi. Nitasubiri mpaka wafunge ukumbi.

Sindano


Novemba 19

Mwanangu Mnara,

Mimi Mama yako wa hapa. Mkono wangu haujazoea kuandika, kwa hiyo nukta na mkato zikikaa vibaya, zisogeze mwenyewe unapoona panafaa.

Nilikuja huko na basi la timu kuwaangalia mkicheza. Huo mpira wenu wa kutupia kwenye kapu lisilo na kitako sijawahi kuuelewa, na sasa nimeuelewa kidogo zaidi: wanawake wazima kumi wanakimbia, wawili kati yao hawatazamani. Mlipishana kama watu wasiojuana kwenye foleni ya hospitali. Kila mtu alipeana mikono mwishoni. Wewe ulifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka. Nilikuona. Mimi sikuangalia mpira.

Mwanangu Sindano alisimama kwenye ule mlango mpaka mlinzi akamwomba aondoke. Mlifungwa pointi tano tu, watu wakawapigia makofi, na yeye aliyeshinda alirudi ndani ya basi kama aliyefiwa.

Sasa nisikilize, maana nina kitu changu cha kusema. Mwezi wa nne asubuhi moja nilikuona ukishuka ngazi zangu umekaa. Ngazi moja, unatulia, ngazi nyingine, viatu mkononi, kama mtoto anayejifunza. Ulipofika chini ukavaa viatu, ukaingia jikoni unaimba. Nikakupa chai. Sikusema kitu na wewe hukusema kitu. Siku hiyo hiyo nilimwita mwanangu nikamwambia, rafiki yako atapoteza mguu huku wewe unampigia makofi, siku wakikuuliza sema kweli, usiposema nitakwenda kusema mimi na kanga zangu. Akalia. Akaniambia, Mama, akijua hatanisamehe. Nikamwambia heri akuchukie akiwa na miguu miwili.

Kwa hiyo hasira zako zilikosea nyumba. Zilete kwangu. Kiti kipo.

Ila na mimi nimemwambia jana, na wewe nakuambia: kumwambia mkubwa wako kazini bila kumwambia mwenzako, hapo alikosea, na mimi sikumfundisha hivyo. Amekubali. Hajala vizuri tangu hapo, na mimi sipiki ili chakula kitazamwe.

Kula. Pumzisha huo mguu juu ya mto.

Mama


Novemba 26

Sindano,

Barua ya Mama nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Sikujua aliniona. Nilidhani ngazi zile hazina macho.

Sitakuandikia kwa utamu, lakini nitakuandikia.

Siku ile ya faili nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia naacha. Nilimkuta ukumbini peke yake, anafuta ubao. Nikamwambia, “Umesomewa faili langu?”

“Nililisoma Agosti,” akasema. “Kabla sijakuchagua.”

Nikamuuliza kama ni kichaa. Timu nzima kuichagulia mtu mbovu!

“Nilikuwa na vijana sita wasiojua pa kusimama,” akasema. “Nikatafuta mtu anayejua. Wenye magoti mazima walikuwepo. Wanaojua pa kusimama hawakuwepo.”

“Basi mbona hukuniambia kwamba unajua?”

“Nilikuwa nakungoja uniambie wewe. Sasa naona nilikosea. Ningeuliza siku ya kwanza.”

Umemsikia? Na yeye alinyamaza. Mimi nimenyamaza, wewe umenyamaza, Mama amenipa chai akanyamaza. Watu wazima wanne wamelizunguka goti moja, kila mmoja anamstahi mwenzake.

Daktari ameamua. Dakika kumi na mbili kila mechi, haziongezwi hata moja. Msimu ukiisha, upasuaji. Kama sikubali, anaandika barua nisicheze kabisa. Nimekubali. Ile tarehe kumi na tano, mliponiona natoka robo ya tatu na hamkuniona tena, haikuwa jeuri. Dakika zilikuwa zimekwisha.

Sasa nikuambie ninachokasirikia, ili usikisie. Si kwamba ulisema. Ungeniambia mimi kwanza, ningekutukana, ningebamiza mlango, ningehamia hata kwa shangazi wiki nzima. Halafu ningerudi, na tungeingia kwa Kocha pamoja, na hata kama angenitoa ningetoka najua kwa nini. Nafasi hiyo ndiyo uliyoninyima. Nimekaa miezi miwili nikijichambua kama mchele, natafuta kosa ambalo wewe ulikuwa nalo mfukoni.

Hayo yametoka. Sasa habari za kazi.

Mechi tisa tumefungwa tisa. Imebaki moja kabla ya mapumziko. Mwenyekiti alikuja Jumatatu, akapita katikati ya sakafu yetu na viatu vya ngozi, akamwambia Mwalimu mbele yetu kwamba tukienda mapumziko bila ushindi, Januari tutakuta kocha mwingine. Mwalimu akamjibu, “Sawa, ila naomba utembelee pembeni, mbao hizi zinakwaruzika.” Pilipili alicheka kwa sauti, akajifanya anakohoa.

Nimemwomba radhi Pilipili. Nilimwambia, “Ulikuwa sahihi, nilichelewa, na sababu ni goti.” Akasema, “Najua, dada. Kila ukitua unauma mdomo.” Watoto hawa wanaona kila kitu.

Kila siku baada ya mazoezi tunabaki watatu, mimi, yeye na Nesi. Naweka kiti chini ya kikapu, nakaa, nampanga Nesi kwa mdomo: rudi hatua, fungua bega, mikono juu, usiruke. Usiruke, Nesi! Pilipili anamletea mpira kutoka pande zote. Mwanzoni Nesi alikuwa akiruka kumi kwa kumi. Jana aliruka mbili tu, akaomba msamaha kabla miguu haijagusa chini.

Tutacheza tarehe sita. Nitaishinda hii mechi hata ikibidi niisukume nikiwa nimekaa.

Mwambie Mama nimekula, na mguu uko juu ya mto.

Mnara


Desemba 1

Mnara,

Nimesoma. Yote ni kweli na sina la kupunguza. Nilikuogopa. Uwanjani sijawahi kumwogopa mtu, lakini wewe na ule mlango wa kubamizwa niliwaogopa.

Nina kitu kuhusu hao mnaocheza nao tarehe sita, tuliwafunga wiki iliyopita. Mrefu wao, yule mwenye kitambaa kichwani, akibanwa anageukia bega lake la kushoto siku zote. Kila mara. Mwambie Nesi.

Kocha akijua nimekuandikia hili atanivua unahodha. Mwambie Nesi tu.

Sindano


Desemba 7

Sindano,

Nimwandikie nani kama si wewe? Kaa chini.

Ukumbi ulikuwa nusu. Mwenyekiti mstari wa mbele, miguu ameiweka pembeni safari hii. Mwalimu hakuchora mto wala ziwa. Alituambia, “Leo kila mtu anajua jirani yake yuko wapi. Nendeni mkawe majirani.”

Robo ya kwanza niliingia dakika tano, ya pili nne. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa pointi tatu tu. Robo ya tatu dakika mbili. Hapo nikawa nimebakiza moja, na Mwalimu akaiweka akiba kama mtu anayeficha kipande cha sabuni. Pilipili alikuwa moto. Alipokonywa mpira mara mbili mfululizo, akajipiga kofi la paja, ya tatu akampokonya aliyempokonya. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Ikabaki nusu dakika na kidogo. Sitini na moja kwa sitini na moja. Mwalimu akaomba muda. Wote wakaja kwenye benchi wanahema, na ukumbi mzima ukawa unaita jina langu, Mnara, Mnara, hata wale waliokuwa wakinizomea Septemba. Mwalimu akanitazama.

“Una dakika moja,” akasema. “Unaionaje?”

Sindano, goti lilikuwa limevimba mpaka kaptula inabana. Robo ya tatu nilitua vibaya, hakuna aliyeona isipokuwa huyo Pilipili wangu, naye alinyamaza akiningoja. Ningeweza kuingia. Daktari alikubali dakika kumi na mbili, haki yangu ilikuwepo. Na unajua jinsi ninavyoweza kuifunga sura yangu. Nimefanya hivyo miaka mitatu.

Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, “Mwalimu, goti limekataa. Siwezi. Mwache Nesi aendelee.”

Hakuna kilichoanguka. Nilidhani paa litashuka. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ngapi, akamgeukia Nesi, “Haya.” Nesi akafuta viganja kwenye kaptula. Nikamshika shingo, nikamwambia sikioni, “Mrefu wao atageukia bega la kushoto. Wewe simama tu. Nyumba haikimbii mlango wake.” Sijui hata maneno hayo niliyatoa wapi.

Pilipili akaingia katikati yao, akamwona Nesi, akaachia mpira pale pale panapotakiwa. Nesi alikuwa amefika! Akarusha, akakosa, akaudaka mwenyewe, wakamwangukia wawili, mwamuzi akapiga filimbi. Mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga chuma ukarudi. Wa pili ulizunguka ukingoni kama mtu anayetafuta kiti kwenye harusi, kisha ukaingia. Sitini na mbili.

Zilibaki sekunde tisa. Wakampelekea mrefu wao. Nesi akambana, naye akageuka kushoto. Nesi alikuwa pale, mikono juu, nyayo zote mbili chini. Hakuruka. Mpira ulirushwa juu ya vidole vyake, ukapiga ubao, ukatoka, na king’ora kikalia.

Hatukujua mshindi anafanya nini. Nakuambia kweli. Tulipanga mstari kuwapa wageni mikono kama tulivyozoea, tuko kimya kabisa, mpaka nahodha wao akamwambia Pilipili, “Nyinyi mmeshinda, mbona mmenuna?” Ndipo Pilipili akapiga ukelele nadhani mpaka Mama ameusikia. Nesi alikaa sakafuni akalia na kitambaa cha jasho usoni. Mwalimu alifuta miwani, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Mwenyekiti alimpa mkono na kumwambia tutaonana Januari. Mwalimu akamwambia, “Karibu. Pembeni.”

Kwa hiyo tumeshinda moja, tumefungwa tisa, tuko mkiani, na gazeti la leo bado linatuita Mabaki. Nesi amelikata akalibandika mlangoni. Anasema wakibadilisha jina tutakosa cha kuwajibu.

Raundi ya pili nitacheza dakika nilizopewa, na siku goti likikataa nitasema. Mwezi wa sita nitapasuliwa huko kwenu, daktari ameshaandika. Nitahitaji mtu wa kunishika mkono kwenye ngazi, kwa hiyo mwambie Mama asitupe ufunguo.

Na wewe. Nimejaribu kukuandikia kwamba nimekusamehe, nikaona nitakuwa nadanganya, na nimeacha kudanganya tangu jana. Kwamba ulisema, hilo nimesamehe, tena kabisa. Kwamba ulinyamaza, hilo bado nalifanyia mazoezi. Nipe muda, mwili huu sasa unachelewa kufika, lakini unafika.

Tunakuja kwenu Februari. Ukinionea huruma uwanjani, ukapunguza mwendo hata nusu ya pumzi, sitakusalimia tena mpaka kufa.

Dada yako,
Mnara